Muguu Mumoja Ndani ya Maji ya Baridi

Papa Prezida, ba papa na ba mama wa chama chetu cha wasukuma-baisikeli, nimeombwa nisimame kidogo. Mimi si mutu wa maneno mengi. Munacheka? Wanaosukuma nyuma yangu kwenye barabara ya Bendera njo wanacheka zaidi. Haya, chekeni, lakini munisikilize.

Kazi yetu munaijua. Mabidoni sita ya mafuta ya mawese juu ya baisikeli, vilima, vumbi. Siku ya tatu mapaja yanakuwa magumu, hata kuchuchumaa chooni ni shida. Mimi nilianza na kidonge kimoja cha maumivu, cha kununua tu sokoni. Kikawa viwili, vikawa vinne, na lutuku, ile pombe yetu kali, ya kuvisindikiza. Ndugu zangu, sifichi: ilifika siku nikawa ninameza kabla miguu haijauma. Nyumbani nikawa mukali kwa watoto bila sababu. Muke wangu akaniambia, "Papa watoto, mimi sikuolewa na vidonge. Ukiendelea, ninapeleka watoto kwetu Kongolo." Hakupiga kelele. Hapo njo niliogopa.

Sasa, sisi wote tulikuzwa tukiambiwa mwili wenye jasho hauingii maji ya baridi, utapata rumatisme, ugonjwa wa viungo. Mutu akichoka anakandwa na maji ya moto. Na mimi niliamini. Lakini siku moja, kwenye kile kijito kinachoshuka mulimani, pale tunapovusha, tairi yangu ilikwama kati ya mawe. Nilisimama humo, maji mapajani, nikivuta na kutukana. Samahani, nikiomba. Nilipotoka nikashangaa, miguu imekuwa mepesi. Nikajiuliza, ni maji au ni mawazo yangu tu?

Swali hilo lilininyima raha. Safari iliyofuata nikakaa kando ya kijito, muguu wa kuume ndani, wa kushoto inje. Rafiki ninayesukuma naye akauliza, "Unafanya nini? Unavua samaki kwa vidole?"

"Ninapima."

"Unapima nini?"

"Niache. Kesho nitakuambia."

Kesho yake, tukipanda mulima, muguu wa kushoto ulilia, wa kuume ulinung'unika tu. Safari nyingine nikabadilisha muguu, na maumivu yakabadilisha upande. Nilifurahi kama mutoto! Siku ile sikumeza hata kidonge kimoja.

Sasa sikieni ujinga wangu. Niliwaza, kama kidogo inasaidia, nyingi itaponyesha kabisa. Nikakaa majini mpaka meno yakagongana na vidole sikuvisikia tena. Kisha nikarukia baisikeli na mabidoni yake, nikateremka. Breki yetu munaijua, ni muguu wenye kandambili, unakanyaga tairi ya nyuma. Nilikanyaga kwa nguvu zote, kumbe kandambili imekwisha kuchomoka, na mimi sijui! Tairi ilinichuna kisigino mpaka nyama. Baisikeli ikaenda mutaroni, mawese yakatapakaa barabarani.

Muguu ulipopata joto, maumivu yalikuja yote pamoja. Mukono wangu ukaingia mufukoni. Vidonge vilikuwa vimebaki viwili. Rafiki yangu aliniona. Alishusha mabidoni yake, akayaacha kando ya barabara, akasema, "Panda. Twende kwa muuguzi. Ukimeza, mimi ninakuacha hapa." Nilipanda nikilia, ndugu zangu, mutu muzima.

Mama muuguzi wa mutaa wetu alicheka kwanza. Halafu akasema, "Maji hayana kosa. Dakika kumi zinatosha. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu kabla ya kuniona. Na yanapunguza maumivu tu, Papa, hayakupi miguu mipya. Punguza muzigo, pumzika siku moja kwa juma. Sasa lete vile vidonge." Nilimupa. Majuma yaliyofuata nilitetemeka na kukosa usingizi, na yeye aliniangalia mpaka mwisho.

Basi ninamushukuru huyo mama. Ninamushukuru rafiki yangu: hatuna saa ya kupima zile dakika kumi, kwa hiyo akiwa ukingoni ananiimbia wimbo wa kanisa, beti zote, mara mbili, kisha ananivuta inje. Sauti yake ni mbaya, hakuna hatari ya mimi kutaka kubaki. Na kwenu ninasema hivi: neno la wakubwa tuliheshimu, lakini tuliulize. Na kitu kikisaidia, tuulize pia mwisho wake uko wapi.

Wa mwisho ni muke wangu, yule pale benchi ya pili. Miezi mingi, kila nikivua suruali, alikuwa anapapasa mifuko akitafuta vidonge. Sikuweza kumulaumu. Juma hili aliichukua suruali, akaitupa ndani ya beseni la maji na sabuni bila kugusa mifuko. Papa Sekreteri, njo maana leo nimekuja bila kadi ya chama. Ilikuwa humo.