Marehemu Amenuna

Ndani ya basi la mjini Busan, Korea, Eun-sil alijifanya anasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Bibi mmoja, mkononi bahasha ya dawa kutoka kliniki ya magonjwa ya akili, alikuwa akimwambia binti asiyemjua, "Mwanangu, tangu nianze vidonge hivi, marehemu mume wangu kaacha kunisemesha."

"Si ndiyo kupona, bibi?"

"Kupona gani? Kaninunia! Anakaa tu, ananitazama."

"Basi mwambie daktari."

"Aniongezee dozi, nibaki peke yangu? Thubutu!"

Kumbe wafu nao hununa, Eun-sil akawaza, akibana kicheko.

Basi likasimama. Bibi akagusisha kadi ya nauli kwenye mashine ya mlangoni, akashuka. Hakuna aliyemfuata, ila dereva hakufunga mlango. Akatazama kioo, akasubiri, akainamisha kichwa kama anayemuaga mzee wa kiume anayeshuka taratibu nyuma ya bibi, ndipo akafunga.