Byron Lusweti, Mwoka Mikate Aliyehama na Shamba Lake

Ndugu yetu Byron Lusweti Wanyonyi alizaliwa tarehe 9 Novemba 1962. Hapana, tusianze na makosa. Kitambulisho chake kinasema 1962, na walioandika jalada la programu ya mazishi haya walinakili kitambulisho, lakini ni 1961. Mimi Wasike ndiye kaka yake mkubwa. Nilikuwa na miaka saba, na wiki aliyozaliwa ndiyo wiki mvua kubwa ilibeba daraja letu kule karibu na Kimilili, mkunga akavushwa mto mgongoni mwa baba. Mvua hiyo ilikuwa ya 1961. Aliyekuwa akiandikisha vitambulisho alikuwa na haraka, na Byron hakuwa mtu wa kubishana na mwenye kalamu. Kwa hivyo walio na kalamu hapa wasahihishe.

Alikuwa wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Wanyonyi na marehemu Mama Rasoa. Alianza shule ya msingi mwaka 1969 akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu alikuwa anaijua, na maandishi yake yalikuwa yamenyooka kama mistari ya mahindi. Sekondari hakufika. Mimi niliishia darasa la nne, mtanivumilia nikiteleza.

Mwaka 1979 alinifuata Timboroa, pahali nilikuwa napasua mbao. Baridi ya huko ilimfanya alale na viatu. Lakini hata huko, nyuma ya kibanda chetu, alipanda kabeji, akaziwekea ua wa vipande vya mbao. Mimi sikukaa na hizo kabeji. Mimi ni mtu wa kuhama, nilikuwa nimeshaenda zangu Burnt Forest zikikomaa. Yeye alizila akaniwekea moja, akaileta kwa miguu.

Mwaka 1984 aliingia mjini Eldoret akaajiriwa katika kiwanda cha mikate. Alikaa kwa tanuri miaka ishirini na minane. Wengi wenu mliokaa hapa mmekula kazi ya mkono wake bila kumjua. Hakuna nyumba aliingia bila mikate miwili kwapani, na watoto walikuwa wakisikia harufu yake kabla ya sauti yake.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Tryphosa Nasimiyu. Keki aliioka mwenyewe, ngazi tatu, akaisafirisha kwa baiskeli. Ilifika kanisani imeinama upande. Mama mkwe aliizunguka akauliza, "Hii keki imekunywa nini?" Byron akamjibu, "Imechoka tu, mama. Imetoka mjini bila kuketi." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kuanzia mwaka 2003 tumbo lilianza kumsumbua. Alikuwa anaharisha, anavimba, anakonda. Alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi, akatibiwa minyoo na vidonda vya tumbo, na baada ya miaka tisa mkanda wake ulikuwa na matundu mapya matano aliyotoboa kwa msumari. Watu waliongea. Mnajua watu huongea nini mwanaume akikonda. Tryphosa aliyasikia yote sokoni na hakuwahi kuyaleta nyumbani.

Mwaka 2012 alipata daktari mmoja, msichana mdogo, aliyemwuliza kitu ambacho wengine hawakumwuliza.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Naoka mkate."

"Na unaula?"

"Mkate wa kwanza kutoka motoni ni wangu. Lazima nijue kama umeiva."

Daktari akaweka kalamu chini. Wakampima damu, wakamtia mpira wenye kamera mpaka utumboni, wakakata kipande kidogo. Ugonjwa wenyewe unaitwa seliaki. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni, na utumbo wa mtu kama Byron ukikiona unaanza kujipiga wenyewe. Dawa ni kuacha: mkate, chapati, mandazi, biskuti, tambi, hata supu iliyowekwa unga wa ngano ili iwe nzito. Kuacha maisha yote, hata kipande cha ukubwa wa kucha. Na sisi tunaishi Uasin Gishu, ambako ngano inakuja mpaka dirishani kukuangalia ukilala.

Aliacha kazi mwezi huo huo, maana hata vumbi la unga lilikuwa linaingia mdomoni. Akarudi kwa udongo.

Shamba la kwanza lilikuwa mtaa wa Langas, nyuma ya nyumba ya kupanga, hatua kumi kwa sita. Sukuma, managu, sagaa, mrenda, viazi vitamu, na nduma pale maji ya bafu yalipita. Mwenye nyumba akajenga vyumba vingine juu yake. Tukahamia mtaa wa Huruma. Nasema tukahamia kwa sababu miaka hiyo nilikuwa nalala kwake nikitoka matembezi yangu. Huruma nako akapanda, nako tukatolewa. Mara ya tatu akasema yeye hapandi tena kwa ardhi ya mtu. Akajaza udongo kwa gunia, akatoboa ubavuni, akapanda mboga kuzunguka kutoka chini mpaka juu. Siku ya kuhama niliona lori nikashika kichwa: vitanda vimefungwa nyuma, na mbele gunia ishirini na mbili, managu yamesimama yanapigwa na upepo kama abiria.

Jirani mmoja akapaza sauti, "Mzee Byron, wengine wanahama na sofa, wewe unahama na dunia?"

"Sofa utakula?" Byron akamwuliza.

Unga wa ugali na wa uji wa wimbi ulikuwa shida nyingine. Mahindi hayana ubaya kwake, lakini mashine ikisaga ngano halafu isage mahindi, ngano inabaki mle ndani. Alikuwa akisimama mlangoni kwa mashine ya Waithira akiuliza nani amesaga nini tangu asubuhi. Waithira, naye yuko hapa leo na kitambaa cha bluu, alikuwa akimwambia mbele ya foleni, "Huyu mzee ni mteja ama ni polisi?" Lakini mwishowe ni Waithira aliyempa Jumanne asubuhi, mashine ikiwa imefagiliwa, Byron wa kwanza. Hivyo alipata nguvu. Matundu ya mkanda alirudi nyuma moja moja, na akija kwako sasa alikuja na fungu la sukuma pahali pa mikate.

Sasa, kwa kuwa nimeanza na kusahihisha mwaka, nisahihishe na jambo la kule Ziwa, kwa wakwe zetu. Tangu aondoke sijaketi. Nimetembea kutoka hapa mpaka mjini na kurudi mara tatu wiki hii, na miguu haijanisaidia.

Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 2016 tulienda Ziwa kuona boma la watu waliotaka kumwoa binti yangu Nelima. Byron ndiye alikuwa msemaji wetu, maana nikisimama mbele ya watu maneno yananihepa. Wiki mbili kabla ya safari aliniita kwa gunia zake akasema, "Kaka, mpigie Mzee Wilson, baba ya kijana, simu umweleze hii tumbo yangu. Nitabeba chakula changu, lakini wajue mapema. Sitaki kuaibisha watu kwao." Nikasema sawa. Alhamisi akaniuliza, "Umewaambia?" Nikasema, "Nimewaambia."

Sikuwa nimewaambia. Nilishika simu mara mbili, nikatafuta namba, nikakata. Niliona haya. Watu hujawahi kukanyaga kwao, unaanzaje kuwaambia wasikupikie chapati, na chapati ndiyo heshima ya mgeni? Nikajiambia tukifika mambo yatajipanga.

Tulipokewa vizuri sana. Byron aliomba, maombi mafupi mazuri. Mama Jepchumba, mama wa bwana harusi, akatoka jikoni na sinia ya chapati, nyuma yake nyama ya mchuzi. Byron, akijua wenyewe wameambiwa, akafungua mfuko wake bila wasiwasi, akatoa kibakuli cha plastiki, akakifunua. Viazi vitamu na managu. Akaanza kula.

Mama Jepchumba alikuwa bado amesimama na sinia.

"Baba," akamwambia Byron, "chakula yetu iko na shida gani?"

Mzee Wilson akasukuma kiti nyuma. "Mama, rudisha sinia. Kama msemaji wao anaogopa chakula yetu, maneno yetu ataweza?"

Nelima alikuwa kwa mlango wa jikoni na jagi la maji.

Byron akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha barabara na kujua ni wapi amefikishwa. Ningesema neno moja tu. Ningesema, "Ni mimi, sikuwaambia." Niliangalia kalenda ukutani.

Basi Byron akacheka. Akafunika kibakuli. "Mama, nisamehe, mimi ni mzee wa tamaa. Hii nilibeba ya njiani nikasahau kuimaliza. Leta hiyo chapati kabla haijapoa, na ukiona nimekula mbili usimwambie bibi yangu."

Akala mbili. Nyumba ikacheka, Mzee Wilson akampiga begani, maneno yakaendelea, na Nelima akaolewa Aprili iliyofuata.

Byron alilala kitandani wiki tano. Tryphosa alinipigia simu: "Shemeji, nani alimpa huyu mtu ngano?" Nikasema sijui. Tryphosa, leo unajua.

Na nyinyi wakwe zetu wa Ziwa mliokaa pale kwa hema la pili: mmemwita "mzee wa kibakuli" miaka minane. Kila sherehe mmemtania, "Leo umebeba ya njiani?" Naye alicheka na nyinyi, na kila mara alikula kabla ya kutoka nyumbani ili asile kwenu. Hakuwadharau hata siku moja. Wa kudharauliwa ni mimi. Sikutaka azikwe na jina ambalo nilimpa mimi.

Mwaka 2019 alinunua hii robo eka tuliyosimama, hapa Maili Nne. Siku ya kwanza alizimwaga gunia zote, moja baada ya nyingine, akasema, "Sasa hatuhami." Mimi ndiye nilikuwa nashika upande wa pili wa gunia. Nikamwuliza juu ya siku ya Ziwa. Akasema, "Inua kidogo, kaka, inamwagikia viatu vyako." Nikajua hataki, kesho yake nikaondoka nikatembea mpaka Turbo bila shughuli.

Mwezi Agosti 2023 tumbo lilirudi vibaya. Safari hii ilikuwa saratani ya utumbo mdogo. Alipasuliwa, akapata nafuu, akarudi kumwagilia kwa kikopo akiwa ameketi kwa stuli. Novemba mwaka jana nilimvizia yule daktari, ambaye sasa si msichana tena, nikamwuliza kama ni zile chapati. Akaniketisha. "Mzee, hapana. Huu ni uharibifu wa ile miaka mingi alikula mkate bila kujua. Chapati mbili hazileti saratani." Alinijibu kwa upole, na ninamshukuru. Lakini si hilo lilikuwa likinitembeza.

Jumanne ya tarehe 11 Machi nilienda kumwona wodini. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Nilimwuliza tena juu ya Ziwa, polepole, mdomo karibu na sikio. Alifungua macho akasema, "Ile miche ya sagaa, umeipa maji?" Nikasema nimeipa. Hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeipa asubuhi hiyo, kwa kikopo chake. Akafunga macho. Alituacha Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa nne asubuhi, Tryphosa akiwa amemshika mkono; Byron alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Na miaka hiyo ni kwa hesabu ya 1961.

Ameacha mjane, Tryphosa Nasimiyu; watoto, Nekesa, Barasa na Nanjala; wajukuu watano, mmoja wao, yule mdogo wa Barasa, ana tumbo kama lake na tayari anajua kuuliza kwa mashine ya Waithira; dada zake wawili; binti yangu Nelima na nyumba yake ya Ziwa, ambayo Byron aliijenga kwa chapati mbili; na mimi. Walimtangulia wazazi wetu na ndugu zetu watatu.

Tryphosa ameniambia niwatangazie kwamba chakula cha leo ni ugali wa wimbi, maharagwe, managu na sagaa ya shamba hili, na hakuna chapati. Waliokula mandazi asubuhi waliyatoa kwa jirani. Asinung'unike mtu. Mama Jepchumba ameingia jikoni tangu jana, amepika kwa sufuria mpya ambayo haijawahi kuona ngano. Sikumwomba. Nilimweleza jana jioni yote niliyosoma hapa, akaenda kununua sufuria.

Udongo ulio kando ya kaburi ndio ule wa gunia. Ulitoka Langas, ukaenda Huruma, ukapanda lori mara nyingi. Utakaposhika konzi yako, utupe polepole. Ndugu yangu alale humo, na asihamishwe tena na mtu yeyote, Bwana amlinde mpaka atakapomwita kwa jina lake.

Mimi sijui nitalala lini. Byron, siku ile ulipojua kwamba nimekudanganya, na neno moja lako lingetosha, kwa nini hukulisema?