Mama Emerensiana na Bakuli la Mawese

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Emerensiana anaachia mwiko wa kantini ya idara yetu baada ya miaka thelathini na tatu ya kazi. Alianza Muyinga mwaka 1992, akapika wakati wa vita na wakati wa amani, na tulipohamia Gitega akaja na sufuria zake mbili ambazo haruhusu mtu mwingine azioshe. Nimeombwa niandike mimi Imelda, msaidizi wake, kwa kuwa nimekaa naye karibu. Ukweli ni kwamba nilimkaribia kwa wivu, na sitaficha.

Wote mnakumbuka waraka wa 2022. Vitambi vilikuwa vimezidi, presha na sukari zimeingia karibu kila biro, yaani kila ofisi. Waraka ukaagiza kijiko kimoja tu cha mafuta kwa sahani, na soda zitoke. Kantini ikabaki na nzi, watu wakahamia kwenye mandazi ya getini. Mkutanoni, mkuu wa idara, Venansi, akashikilia kwamba serikali ndiyo inayolipia dawa, kwa hiyo ina haki ya kuangalia sahani. Uthmani wa stoo akajibu kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa, tumbo lake halikuajiriwa. Mama Emerensiana alikuwa ameitwa kuleta chai tu, lakini ndiye aliyewamaliza wote wawili.

“Mkuu, amri yako inafika kwenye sufuria, mdomoni haifiki,” alisema. “Na wewe Uthmani, tumbo ni lako, lakini siku ulipoanguka kwenye ngazi tulikubeba watu wanne.”

Kesho yake akapika maharage kwa kitunguu na nyanya tu. Mafuta ya mawese akayaweka pembeni, kwenye bakuli lenye kijiko, kila mtu ajitilie. Soda hazikurudi, hapo alikubaliana na mkuu. Wiki ya kwanza bakuli lilikuwa tupu kabla ya saa saba. Mwezi wa tatu likawa linarudi jikoni na nusu yake.

Sasa nifike kwa Godfrey, dereva wenu, mume wangu. Sisi tuliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania tulikulia chakula cha kupimiwa, kwa hiyo mume akinenepa, hicho ni cheti cha mke. Mama mkwe alikuwa akitoka Muyinga kuja kututembelea, anamshika mwanawe mashavu, ananishukuru mimi. Lakini Godfrey alipofika kilo mia moja na nne, daktari akasema asipopungua, mtoto wetu atamjua baba yake kwa picha. Nikaweka sheria nyumbani. Nikaficha mafuta, nikafungia chumvi kabatini. Godfrey hakugomba. Akaanza tu kupitia kwa wachoma mishikaki wa mtaa wa Yoba.

Halafu akapungua kwa mkono wa mwanamke mwingine. Kilo kumi na moja, miezi mitano. Nyumbani ikawa Mama Emerensiana hivi, Mama Emerensiana vile. Machozi niliyatoa mimi, sifa akazichukua yeye. Nafasi ya msaidizi ilipotangazwa, nikamfunga mtoto mgongoni nikaja kuiomba. Siku ya kwanza aliniambia anajua nimekuja kumchunguza, akanipa aproni na gunia la maharage nichambue.

Nilichunguza mwaka mzima. Hana dawa, hana mahubiri. Mwisho nikamuuliza alimwambia nini mume wangu.

“Sikumwambia kitu, binti yangu. Siku ya kwanza alitia vijiko vinne, akaniangalia kama nitamkataza. Nikampa mgongo, nikaosha sufuria.”

Nikajaribu. Chupa ya mafuta nikaiweka mezani, mi nikageukia ukuta, lakini masikio niliyaacha mezani. Nikasikia vijiko viwili. Kwa Mama Emerensiana anatia kimoja. Iliniuma, sisemi uongo. Ila wiki iliyopita mtoto alikuwa anasumbua kula, nikashughulika naye mpaka nikasahau kusikiliza. Nilipogeuka Godfrey alikuwa ameshamaliza. Sijui alitia vingapi, na sikuuliza.

Mama, Jumatano Godfrey atakupeleka Muyinga kwa gari la idara. Nimeomba ruhusa siku hiyo. Kiti cha mbele ni changu. Kwa niaba ya biro zote, hata ya Uthmani, asante kwa kila sahani. Mimi nakushukuru kwa mume niliye naye mpaka leo. Mungu akupe pumziko tamu na miguu yenye nguvu. Dereva mkaribishe chakula, ila mara moja tu. Kuanzia Alhamisi anakula kwangu.