Shangazi Polepole na Ufunguo wa Mvuke

Miaka thelathini na mmoja ya kupika sabuni inafika mwisho Ijumaa hii, tarehe 30, Shangazi Polepole atakapovua aproni yake. Jina hilo alipewa na mameneja kwa kejeli. Yeye akaliandika mgongoni mwa aproni kwa rangi nyekundu, wasome vizuri.

Alianza kwa kuosha ndoo, akaishia kutawala pipa namba mbili. Polepole? Liulizeni pipa. Mafuta magumu huyakata vipande vidogo kama punje za mahindi, ili maji ya kostiki, dawa kali inayounguza ngozi, yapate pa kuyashika. Hukoroga bila kupumzika. Kisha hutia upawa mmoja wa sabuni ya jana, na sabuni mpya hushika mapema bila kuongezewa moto hata chembe.

Mwaka juzi meneja mmoja alitaka mvuke ufunguliwe wote na kostiki imwagwe kwa mkupuo. Shangazi akikataa, aende nyumbani. Juu ya ngazi, mdomoni mwa pipa, kasia la kukorogea mkononi, alisimama kijana niliyekuwa namtazama kwa kuibia. Ndiye huyu aliyenioa wiki tatu zilizopita, na hadi leo nikimwona na kofia yake ya kazi bado namtazama kwa kuibia. Shangazi alifunga vali ya mvuke ya namba mbili, akachomoa ufunguo wake, akautia kifuani.

"Baba, ukiutaka moto huo, panda wewe ukoroge."

Meneja hakupanda. Alikwenda pipa namba moja, lililokuwa halina mtu juu, akalipika atakavyo. Povu lilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likafurika, likabandua rangi ya ngazi pale pale anaposimama mkorogaji. Tulideki hadi jioni. Namba mbili, aliyoifungulia Shangazi mvuke kidogo kidogo, ilikuwa imeiva tangu saa tisa. Barua ya kumfukuza Shangazi, iliyokwisha kuchapwa, hatukuisikia tena.

Shangazi, ahsante kwa mikono yetu isiyo na makovu. Ahsante kwa mume wangu, mzima kuanzia utosi hadi kidole cha mguu. Lala hadi jua likuchoshe, na afya isikupungukie.

Jana ulinikabidhi upawa na ufunguo. Jumatatu pipa namba mbili ni langu, na nimesikia kuna wanaosema sasa mambo yataharakishwa. Ufunguo uko kifuani. Anayeutaka aje na kasia lake.