Siku ya Maboksi ya Pinki

Benchi la Sopheap liko palepale kwenye kona ya barabara ya El Camino, Sunnyvale, mji wa kampuni za kompyuta, nje ya duka lake la donati, na wenyewe ni walewale watatu. Kuna Mama Lehemu, jina lake Erlinda, Mfilipino wa Cebu, aliyelehemu mabodi ya kompyuta miaka ishirini na mitatu mpaka vidole vikasahau maana ya moto. Kuna Hisa, yaani mzee Haresh, injinia mstaafu anayetembea na bahasha nene ya hisa za kampuni nne, zote marehemu. Na kuna Geti, Tevita, Mtonga mwenye mabega kama kabati, aliyelinda mageti ya kampuni zilizokufa na zilizopona. Hawa, wee, ukishawamiminia kahawa hakuna wa kuwanyamazisha! Lakini Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, Mama Lehemu alikuwa kimya, mkoba kaubana kifuani kama kabeba kichanga. Mama Lehemu, kimya! Sopheap mwenyewe alitoka na jagi kuja kuangalia kulikoni.

— Nani kafa? Sopheap akauliza huku anamimina.

— Hajafa mtu, dada. Nina karatasi humu, natakiwa niitie sahihi kabla ya saa sita mchana.

— Talaka! Geti akadakia.

— Talaka na nani, wewe bwege, na mume wangu mwaka wa tisa yuko makaburini?

— Sasa mimi nitajuaje? Labda kakuandikia kutoka hukohuko, kachoka kusikia sauti yako.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na Mama Lehemu naye akacheka, maana kujizuia hajui. Halafu akaeleza. Karatasi ni ya binti yake Marivic, yule mwenye kampuni changa ya kuwapangia zamu wauguzi wa majumbani. Mwekezaji mmoja anataka kumpa dola milioni nne, yeye achukue robo ya kampuni. Na kwa kuwa Marivic alianza na akiba ya mama yake, theluthi ya kampuni ni ya Mama Lehemu. Asipotia sahihi yeye, hakuna kinachokwenda.

— Na Marivic anasemaje? Hisa akauliza.

— Anasema hela hizo hazihitaji. Ana vijana wanane Cebu, wamepanga chumba juu ya duka la dawa, ndio wanaomwandikia programu. Wateja wanalipa, mishahara inatoka, yeye yuko kwenye meza ya jikoni na kompyuta yake. Kaniambia, "Mama, mimi sizitaki, lakini ukitaka tuchukue, nitachukua."

— Na wewe unataka?

Mama Lehemu akageuka kutazama dirisha la duka. Nyuma ya kioo yalikuwepo maboksi ya pinki ya kutilia donati, hayajakunjuliwa, yamelazwa rundo mpaka karibu na dari, la juu kabisa lina vumbi.

— Nataka, akasema. Nataka sana.

Hapo hakuna aliyemuuliza kwa nini. Zamani, kampuni ikipata hela za wawekezaji, asubuhi yake mtu anakuja mbio kwa Sopheap kabla jua halijapanda: nipe maboksi kumi, nipe ishirini! Na benchi linahesabu. Maboksi matano, hao wamepata kidogo, Krismasi hawaioni. Maboksi thelathini, hao wanahamia jengo la vioo. Kuna siku yalitoka arobaini na mawili, Geti aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na Sopheap akalia kwa furaha, akapata hela ya kulipeleka jiko lake bovu kwa fundi.

— Unakumbuka, Mama Lehemu akasema, boksi lilikuwa linafika mpaka kwetu kule nyuma? Sisi tumeinama na moshi wa risasi ya kulehemu puani, mlango unafunguliwa, mkubwa mwenyewe kalishika boksi, "Jamani, tumepata!" Hata jina la kampuni nilikuwa silitamki vizuri. Lakini nilipata ya chokoleti.

— Mimi nilikuwa naletewa getini, Geti akasema. Mbili. Moja ya kula, moja ya usiku.

— Wewe ulikuwa unaletewa sita, usitudanganye.

— Sita, lakini kwa heshima.

Hisa akaipigapiga ile bahasha yake.

— Sasa nikwambie kitu, Mama Lehemu. Wakati ule tulikuwa tunahitaji milioni tano kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa programu. Kwanza jengo. Halafu mashine, chumba kizima zinanguruma. Halafu watu hamsini, kila mmoja na meza yake na bima ya meno. Hela ya mwekezaji ilikuwa kama mafuta ya gari, usipotia huondoki. Marivic hana jengo, hana meno ya mtu, wanane wa kule anawalipa kwa bei ya wawili wa hapa. Gari lake limeshaondoka! Mwekezaji anakimbia nyuma na galoni mkononi, "Simama, simama nikujazie!"

— Ndiyo maana siku hizi wana adabu, Geti akasema. Zamani mtu mwenye kampuni alikuwa anapanda kule mlimani kwa wenye mitaji, tai imemkaba, jasho linamtoka, nusu saa, anafukuzwa. Sasa wao ndio wanashuka. Mimi nakwambia bado kidogo watakuwa wanaacha hela mlangoni kama vile vikaratasi vya piza. Unaamka, unafungua mlango, milioni mbili, unaipiga teke, "Aa, hawa watu tena!"

— Ukiipiga teke, ielekeze kwangu, Sopheap akasema.

— Lakini msimdanganye, Hisa akainua kidole. Kama Marivic kaweza kupata wanane Cebu, kesho jirani yake naye atapata wanane, keshokutwa mtaa mzima. Wote wana programu ileile. Hapo anayeshinda ni mwenye hela za kupiga kelele: matangazo, wauzaji, watu wa kugonga milango. Kwa hiyo hela inahitajika palepale, imechelewa tu kuja.

— Kwa hiyo atie sahihi? Geti akauliza.

— Sijasema hivyo.

— Kwa hiyo asitie?

— Sijasema hivyo pia.

— Ndiyo maana una bahasha ya marehemu wanne!

Weee, Mama Lehemu alicheka mpaka akampiga Hisa begani, mzee wa watu akayumba. Geti alipoona watu wanacheka akaongeza moto.

— Sikilizeni. Wameanza na kazi za mkono, zikaenda ng'ambo. Zikaja kazi za kichwa, zinaenda. Wanaofuata ni mabosi, bosi wa Cebu ni rahisi kuliko bosi wa hapa. Halafu mwekezaji naye! Kwani yeye anafanya nini? Anatikisa kichwa, anasema "nitafikiria". Kule hawawezi kutikisa kichwa? Mwisho litapelekwa hili benchi. Wataweka watatu kule, mmoja mnene, mmoja na bahasha, mmoja kelele, watatubishia sisi kwa nusu bei.

— Na kahawa atawapa nani? Sopheap akauliza.

— Hiyo utaendelea kuilipia wewe.

Sopheap akazunguka tena na jagi. Mama Lehemu akaitoa karatasi, akailaza juu ya goti, akatoa na kalamu.

— Semeni mnavyotaka. Hela ikiingia kutakuwa na ofisi pale barabara ya Mathilda, watu thelathini. Mwanangu hatakula peke yake jikoni. Na mimi asubuhi yake nitakuja hapa, nitaagiza maboksi thelathini na tano, nitayapeleka mwenyewe. Nitafungua mlango hivi. "Jamani, tumepata!" Miaka yote nilikuwa naletewa. Nataka mara moja nilete mimi.

Kalamu ikagusa karatasi.

Sasa, mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, anasubiri basi namba ishirini na mbili, kikapu cha magurudumu katikati ya miguu, donati ya sukari mkononi. Alikuwa kasikiliza yote, na nani angeacha, na kelele zile? Akajifuta midomo.

— Samahani, mama yangu. Hao wanane, siku kampuni ikipata jambo zuri, huwa mnawapelekea nini?

— Hao wa Cebu?

— Eeh. Si umesema wateja wanalipa? Basi siku alipopata mteja wa kwanza, wao walikula nini?

Mama Lehemu akamtazama Hisa. Basi likaja, yule mama akakokota kikapu chake, akapanda, akaondoka zake.

— Hatujawahi kuwapelekea kitu, Mama Lehemu akasema taratibu. Miaka miwili. Hata biskuti.

— Wako mbali, Hisa akasema.

— Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mlango wa mwisho, na boksi lilikuwa linafika.

Akairudisha kalamu mkobani. Karatasi akaikunja mara mbili, akampa Hisa.

— Iweke na marehemu wako. Nitamwambia Marivic hatuchukui. Kama hazihitaji, basi; mimi nilichokuwa nataka ni kupeleka boksi, si hela.

Kisha akatoa simu, akapiga. Kule ilikuwa saa sita usiku, lakini vijana wako macho, wanafanya kazi kwa saa za huku. Akapokea mmoja, Jhunrel, mtoto wa binamu yake, sauti imejaa woga.

— Shangazi? Kuna nini? Programu imekufa?

— Hakijafa kitu, baba. Pale karibu na duka la dawa kuna mkate wa moto saa hizi?

— Upo, mwokaji wa pembeni hafungi usiku. Lakini kwa nini?

— Nenda ukachukue wa nyama, wa jibini, na ule mtamu wa nazi, sijui kama bado wanaupika.

— Bado wanaupika, shangazi.

Mama Lehemu akafumba macho kidogo. Geti akamvuta mkono wa sweta.

— Muulize kama wana mlinzi.

— Jhunrel, mlangoni kuna mlinzi?

— Yupo, mzee mmoja, anakaa chini kwenye kiti.

— Anza na yeye, Mama Lehemu akasema. Mpe miwili. Mwambie, jamani, tumepata.

— Tumepata nini, shangazi?

— Mteja wa kwanza, baba. Habari imechelewa tu miaka miwili.

Sopheap aliinamisha jagi juu ya kikombe cha Mama Lehemu, likatoa tone moja tu.