Kengele za Saa Kumi

Golikipa aliishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya treni, abiria wawili, fundi viatu na mshonaji nguo, walikuwa wakibishana kuhusu habari zake. Tangu aseme hadharani kwamba anaishi na VVU, mashabiki wake hutega kengele za simu saa kumi jioni, wakati wake wa dawa.

"Jana zimelia jukwaa zima!" alifoka fundi viatu, shabiki wa timu pinzani. "Mshambuliaji wetu akadhani filimbi, akauacha mpira. Wizi huo, dada!"

"Upendo huo, kaka," alijibu mshonaji.

"Upendo hata mimi ninao. Nimetega, ila yangu inatetemeka tu!"

Golikipa alibana kicheko, machozi yakamlengalenga. Daktari alishamhamishia dawa asubuhi mwezi uliopita. Angewaambiaje? Treni ikasimama kabla hajapata pa kuanzia.