Neno la Msikilizaji Siku ya Kumuaga Athanasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya studio yetu ya vitabu vya kusikiliza, Ndugu Constantine Mayige. Waheshimiwa viongozi wa dini mliotufungulia shughuli hii kwa sala. Ndugu Meneja, mafundi mitambo na wafanyakazi wote wa studio. Wasikilizaji wenzangu mliotoka Dutwa, Sapiwi, Maswa na hapa hapa Bariadi mjini. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mwenye shughuli yako, Ndugu Athanasi Salu, msomaji wetu unayestaafu leo: mwadila!

Mmeitikia vizuri. Nilifundisha miaka mingi, na darasa lisiloitikia salamu sikulianzia somo. Kwa wasionijua, mimi ni Mwalimu Milembe, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mkazi wa hapa mjini. Nimesimama mbele yenu kwa sababu Jenifer wa studio alinipigia simu akasema wanatafuta msikilizaji mmoja wa kusema kwa niaba ya wengine, na kwamba katika wote wanaowatumia ujumbe hakuna anayelalamika kunishinda. Akaniomba leo niseme mazuri tu. Nikamwambia nitajitahidi.

Ndugu wageni waalikwa, Athanasi ametusomea hadithi za taharuki: za wauaji, za watu waliopotea, za milango ambayo mwenye akili asingeifungua. Wapo wanaosema kusikiliza kitabu ni uvivu wa kusoma. Nani kawaambia? Mimi nimesoma vitabu vya karatasi maisha yangu yote, na nawaambia kwamba mwoga akishika kitabu cha karatasi hufunua kurasa za mwisho, akaangalia nani atapona, kisha akarudi alipoishia na moyo wake umetulia. Anayesikiliza hana ujanja huo. Yeye ni kama mtu anayeshikwa mkono kuvushwa mto. Aliyemshika akisimama, naye anasimama, na maji yanampita miguuni. Kwa hiyo mkono wenyewe ni jambo kubwa. Hadithi nzuri ikisomwa na msomaji mbovu, utazama nayo.

Na wabovu wapo, tusifichane. Yupo anayeweka muziki wa kutisha chini ya kila sentensi, hata mtu akinywa chai, mpaka siku muuaji anapoingia kweli masikio yameshachoka. Yupo anayejua muuaji ni nani tangu sura ya kwanza na hawezi kujizuia. Kila akimtaja, sauti inamnyooshea kidole. Yupo anayelia kabla yangu. Mimi msomaji akishalia, basi, machozi yangu yanakauka, nabaki kumwangalia tu yeye. Na ninyi vijana mnaoharakisha mashine ili mmalize upesi, mpelelezi akasema kama dalali wa mnada wa ng'ombe, mnakimbilia wapi? Hadithi ya taharuki ikishaisha imeisha. Mnaiharakisha ili mbaki na nini?

Athanasi hana makosa hayo. Anayo mengine, na kwa kuwa leo ndiyo siku ya mwisho nitayasema mbele yake. Athanasi, bibi zako wote wana pumu. Kila mwanamke mzee unayemsoma anakohoa, anavuta pumzi, tunadhani anakufa yeye, kumbe anayekufa ni mwingine. Mimi nina umri wa hao bibi zako, na sikohoi. Mnacheka, lakini nililiandikia hili studio mara nyingi, na sikujibiwa.

Hata hivyo wauaji wake, ndugu zangu! Wauaji wake ni wapole. Wanasema taratibu, wanaomba maji ya kunywa, wanawasalimia wazee kwa heshima, nasi tunaogopa hasa kwa sababu hatuoni pa kuanzia kuogopa. Watu wa Dutwa hapa ni mashahidi. Athanasi alikwenda kule siku ya mnada kununua mahindi, akamsalimia mama muuzaji, akauliza bei. Yule mama akaacha kupima. Akamwita mwenzake, "Minza, njoo usikie! Huyu si ndiye aliyemuua mhasibu wa ghala?" Watu wakajaa. Sungusungu wakaitwa, wakamwambia, "Bhabha, hebu kaa hapo kwanza, utueleze unatoka wapi." Akijieleza ndiyo anaharibu zaidi, maana kila neno linatoka na ile ile sauti ya upole. Kilichomwokoa ni kwamba kamanda mwenyewe alikuwa msikilizaji. Akamwamuru aseme kwa sauti ya Inspekta Mayunga, yule mpelelezi wa kwenye hadithi. Athanasi akasimama katikati ya magunia, akatoa sauti ya Inspekta, na umati wote ukashusha pumzi. Nimeambiwa mahindi aliuziwa kwa bei ya ndugu.

Sifa gani nyingine mnataka? Msomaji amewekwa chini ya ulinzi kwa kusoma vizuri.

Sasa niseme la kwangu. Watoto wangu wako Mwanza na Dar es Salaam, wanafanya kazi, hawana kosa. Mume wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu, vyungu vikubwa vikapikwa, mikeka ikatandikwa hadi uani. Kisha matanga yakaondolewa, kila mtu akarudi kwenye pamba yake, na ndivyo inavyotakiwa. Mwanangu Mboje akaniletea simu yenye hadithi hizi akisema, "Mama, zitakuchangamsha." Nikamkemea. Nikasema mimi si mtoto wa kusomewa. Alipoondoka nikaiwasha.

Tangu hapo, jioni nikichambua mchele au nikikunja nguo, Athanasi anasoma. Zipo siku sauti yake ndiyo sauti pekee ya mtu mzima iliyosikika ndani ya nyumba yangu. Na mimi nimemjibu. Nimemwambia, "Usifungue mlango huo!" Nimemwambia, "Huyo dereva usimwamini." Siku moja jirani yangu alikuja kuniletea mboga, akasikia mazungumzo, akasimama nje ya mlango akauliza, "Mwalimu, una mgeni?" Nikasema ndiyo. Akasema basi hatanisumbua, akaacha mboga kizingitini akaondoka. Nilikaa nikaitazama ile mboga. Ningeweza kumwita. Lakini ningemweleza nini?

Mtaniambia hadithi zake hazijaondoka, zimo kwenye simu. Zimo, nami nitazirudia. Lakini ninyi mnajua tofauti ya kumsubiri mtu anayekuja na kuangalia picha ya mtu aliyekuja zamani. Daktari amemwambia apumzishe koo, na daktari asikilizwe. Kuanzia wiki ijayo hakuna sura mpya. Kwenu ni kustaafu kwa mfanyakazi, na mmemwandalia keki. Kwangu ni nyumba kunyamaza kwa mara ya pili, na nilikuja hapa nikiwa nimekasirika, nawaambia ukweli, bila kujua nimkasirikie nani.

Na leo asubuhi nimekutana naye pale mlangoni. Ninamjua mtu huyu. Ninajua akiwa na mafua anavyolikwepa neno lenye "m" nyingi. Ninajua anapofungua ukurasa. Nikampa mkono, nikasubiri. Akaniambia, "Karibu mama, shikamoo. Umetoka wapi?" Nikamjibu marahaba, nimetoka hapa hapa mjini. Ndivyo alivyopaswa kusema, hanijui. Kwa nini anijue? Na sauti yake ya kawaida ni ndogo kuliko ile tunayoisikia, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaenda kukaa.

Ndugu wageni waalikwa, hotuba niliyoiandika ingeishia hapa, kwa shukrani na kumtakia mapumziko mema. Yanayofuata sikuyaandika. Jenifer, naona unanionyesha saa, subiri mwanangu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuomba radhi. Constantine, nilikufundisha darasa la tano, ukawa mtoto mwenye adabu, na leo wewe ni mkubwa wangu kwenye ukumbi huu. Umetuambia katika hotuba yako kwamba Athanasi alifiwa na mke wake akiwa katikati ya kurekodi ile hadithi ya ghala la pamba. Akaenda akazika, akarudi studio, akamalizia kitabu, na kwamba hakuna msikilizaji hata mmoja aliyesikia tofauti. Watu wakapiga makofi. Umelisema kwa kumsifu, na najua moyo wako ni mzuri. Lakini si kweli, Mheshimiwa. Mimi nilisikia.

Sikujua kwamba amefiwa. Hilo nimelijua leo, nikiwa nimekaa kiti kile pale, katikati ya makofi yenu. Lakini nilijua mtu huyu ana jambo. Wengine mliokisikia mtakumbuka ile sura ambayo Inspekta Mayunga amekwenda ghalani peke yake, na sisi tumeshajua kwamba hatatoka. Mwandishi anatuacha huko gizani, anaturudisha nyumbani kwa mke wake. Yule mke hajui kitu. Anapika, anapakua, anaweka sahani mbili mezani. Ni sentensi fupi. Msomaji yeyote angeipita mbio ili aturudishe ghalani, maana ndiko kwenye hatari. Athanasi alifika hapo akasema, "Akaweka sahani mbili," na akanyamaza.

Nilidhani simu imezima. Nikaichukua nikaitazama, ilikuwa inaendelea. Kwa mbali nikasikia kuku, huko nje ya studio yenu. Kisha akavuta pumzi, akaendelea, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa kitabu sauti ilikuwa ni ile ile, haikukosea neno, lakini yeye mwenyewe hakuwemo. Mafundi, mngeweza kuukata ule ukimya. Sijui ni nani kati yenu aliyeuacha. Nakushukuru.

Mnajua kwa nini niliusikia? Kwa sababu mimi pia niliweka sahani mbili. Mume wangu ameshazikwa, watu wameshaondoka, nikapika, nikapakua, nikageuka na sahani mbili mikononi nikasimama katikati ya chumba sijui ya pili niipeleke wapi. Sikumwambia mtu. Ni kitu cha kumwambia nani? Halafu siku ile nikawa nimekaa na ungo wangu wa mchele, na mtu mwingine, sijui yuko wapi, anashindwa kuipita sentensi ile ile. Nikaisimamisha hadithi kwanza. Nikasema kwa sauti, nyumba nzima ikiwa tupu, "Pole, baba." Hakusikia. Atasikiaje? Anayesoma hamsikii anayesikiliza.

Kwetu mtu akifiwa, watu wanakwenda. Hawana dawa, hawana hata maneno; wanakwenda tu wakakaa naye. Unaacha palizi, unaacha mnada, unakwenda. Haiwezekani mtu awe anaingia nyumbani kwako kila jioni, afiwe, halafu wewe usifike. Nami ningefika. Ningefunga kanga kiunoni nikapanda basi hata kama ni kijiji cha mwisho. Sikujua kwenu ni wapi, Athanasi. Nilijua kila mtu uliyemuua kwenye vitabu na alipozikwa, na sikujua aliyezikwa nyumbani kwako.

Kwa hiyo, ndugu wageni waalikwa, naomba makofi yapumzike kidogo. Nilikuja kumuaga msomaji. Sasa nimekuja msibani.

Ndugu Athanasi, pole. Pole sana, baba. Ninajua nimechelewa, nyasi zimeshaota pale, na hapa watu wamevaa nguo za sherehe. Lakini pole haiozi. Ulirudi kazini ukatusomea sisi, tukaogopa na kufurahi tukiwa tumekaa majumbani mwetu, na wewe ulikuwa unarudi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu anayekusomea. Haukupita bure ule ukimya wako. Kulikuwa na mtu upande wa pili.

Na anayekuja msibani huuliza jina, kwa sababu huwezi kumlilia "mke wa fulani". Hotuba zote za leo nimezisikiliza kwa makini, kama nilivyozoea, na jina lake halikutajwa. Mke wako aliitwa nani?

Tutasubiri. Usijibu kwa ile sauti ya vitabu. Daktari amekataza, na mimi siitaki. Nijibu kwa hii ndogo uliyonisalimia nayo asubuhi.

Nyanjige.

Wabeja, Athanasi, asante kwa kunitajia. Kaa tu, usisimame. Nyanjige.

Wangu aliitwa Mahona. Ni muda mrefu sijalitamka jina hilo mbele ya mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bodi, wafanyakazi wa studio na ndugu wageni nyote, nawashukuru kwa kunialika, na Jenifer nakushukuru kwa kuiacha saa yako. Miaka yote hii mimi ndiye nimekuwa nikisikiliza. Leo mmenisikiliza ninyi. Asanteni sana.